NAHODHA ATOKE WA MWISHO

Somo la kujifunza nyumbani, katika vikundi vya maombi na katika mkutano wa wazee

Maandiko ya kusoma kabla ya somo: Yona 1:1-16, Matendo ya Mitume 27:9-44, Yohana 10:11-13.

Shabaha ya somo: Kutambua tofauti kati ya hofu na uoga, na kujua wajibu wa yule aliyekabidhiwa watu wakati hatari inapofika.

UTANGULIZI



Huenda mtu wa Butembo akauliza: sisi ni watu wa milima, meli inatuhusu nini? Lakini samaki tunaonunua sokoni wametoka Kyavinyonge na Vitshumbi, na kuna mtu aliyelala usiku kucha ndani ya pirogi ili tupate kula. Ndugu zetu wafanyabiashara hupanda mashua kwenye ziwa Kivu, na wengine huvuka ziwa Albert kwenda Uganda. Tena, nyumba ni chombo, shule ni chombo, kanisa ni chombo, na gari lililojaa abiria ni chombo. Kila chombo kina nahodha wake, au kapiteni kama tunavyosema huku kwetu. Basi tujifunze jambo hili kwa makini.

1. MANAHODHA WAWILI KATIKA MAANDIKO

Katika kitabu cha Yona tunazoea kumtazama nabii peke yake. Leo tumtazame nahodha. Dhoruba ilipokuja, mabaharia walitupa shehena baharini ili chombo kiwe chepesi. Nahodha hakukaa pembeni akiwaza mali iliyopotea. Alishuka chini, akamkuta Yona amelala, akamwamsha na kumwambia amwite Mungu wake. Nahodha yule hakumjua Mungu wa Israeli, lakini aliijua kazi yake: kutembea ndani ya chombo na kuhesabu kila mtu, hata yule aliyejificha. Na hata baada ya kujua kwamba dhoruba imekuja kwa sababu ya Yona, mabaharia walipiga makasia kwa bidii wajaribu kufika pwani bila kumtupa. Mpagani alikuwa macho huku nabii amelala. Hilo ni jambo la kutuaibisha sisi tunaoitwa watu wa Mungu.

Katika Matendo sura ya 27 mambo ni tofauti. Paulo aliwaonya mapema kwamba safari ile ina hasara, lakini akida Yulio alimsikiliza zaidi nahodha na mwenye meli. Wakaondoka. Upepo ukawakamata, na siku nyingi wakawa hawaoni jua wala nyota. Usiku wa kumi na nne mabaharia wakashusha mashua ndogo, wakijifanya wanataka kutia nanga upande wa mbele, kumbe wanataka kukimbia. Paulo akamwambia akida kwamba hao wasipobaki, wengine hawawezi kuokoka. Askari wakazikata kamba, mashua ikaanguka.

Tazama vizuri kwa nini Paulo alisema hivyo. Ndani ya meli walikuwa watu 276, wengi wao askari, wafungwa na wasafiri. Nani kati yao alijua kuongoza meli hadi ufukoni? Mabaharia wangalikimbia na ujuzi wao wote, na wale wengine wangaliachwa kama watoto ndani ya gari lisilo na shofere. Ndiyo sababu kosa la nahodha anayekimbia si sawa na kosa la abiria anayekimbia. Abiria akitoka, amepunguza mtu mmoja. Nahodha akitoka, amewanyang'anya wote njia ya kutoka.

2. MPIGA GITAA ALIYEFANYA KAZI YA NAHODHA

Jambo kama hilo lilitokea katika bara letu la Afrika. Tarehe 3 Agosti 1991, meli ya Kigiriki iitwayo Oceanos iliondoka East London, Afrika Kusini, kuelekea Durban. Bahari ilikuwa imechafuka vibaya. Usiku maji yakaingia kwenye chumba cha injini, mashine zikazimika, taa zikazimika. Abiria hawakuelezwa kinachotokea.

Ndani ya meli walikuwamo wanamuziki walioajiriwa kuburudisha wageni. Mmoja wao, Moss Hills, mpiga gitaa, aliona mambo si ya kawaida. Akaenda mpaka mahali pa kuongozea meli, asikute ofisa hata mmoja. Akashika redio, akaita msaada. Meli nyingine ilipomjibu na kumwuliza cheo chake, alilazimika kusema kwamba yeye ni mpiga gitaa tu. Yeye, mke wake Tracy na wenzao ndio waliowapanga abiria, wakawaingiza katika mashua za kuokolea, na kulipokucha wakawafunga kamba mmoja mmoja ili helikopta za jeshi ziwavute juu.

Nahodha Yiannis Avranas alikuwa wapi? Alipanda katika helikopta moja ya mwanzo, akiwaacha abiria wengi nyuma yake. Baadaye alijitetea kwa kusema kwamba yeye akishatoa amri ya kuihama meli, haijalishi anatoka saa ngapi. Uchunguzi uliofanywa Ugiriki ulimwona yeye na baadhi ya maofisa wake kuwa na hatia ya uzembe. Alasiri ya tarehe 4 Agosti meli ilizama, lakini watu wote 571 waliokolewa.

Ndugu mpendwa, tupate mafunzo mawili hapa. La kwanza: cheo hakimfanyi mtu kuwa nahodha saa ya hatari. Kofia ilikuwa kwa mwingine, na mzigo ukabebwa na mtu wa gitaa. La pili: mpiga gitaa hakungoja kupewa ruhusa. Alipoona kiti ni kitupu na watu wanaangamia, alifanya alichoweza kwa mikono aliyokuwa nayo. Ukiwa mama wa kawaida, kijana wa kwaya au shemasi asiyejulikana, usiseme kazi hii ni ya wakubwa. Wakubwa wakikimbia, Mungu atakuuliza wewe uliyebaki.

3. MATUNDA YA UOGA

Si kila mahali palikuwa na mpiga gitaa wa kutosha. Usiku wa tarehe 13 Januari 2012, meli kubwa ya Costa Concordia, yenye watu zaidi ya 4,200, iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, kwa sababu nahodha Francesco Schettino aliipitisha karibu mno na kisiwa. Ilichukua muda wa zaidi ya saa moja kabla ya amri ya kuihama meli kutolewa. Nahodha akaingia katika mashua ya kuokolea huku watu wengi wangali ndani. Ofisa wa ulinzi wa pwani, Gregorio De Falco, alimwamuru kwa simu arudi melini. Hakurudi. Watu 32 walikufa, na mahakama ikamhukumu kifungo cha miaka 16.

Tarehe 16 Aprili 2014 meli ya Sewol ilipinduka huko Korea ya Kusini. Tangazo liliwaambia abiria watulie mahali walipo. Watoto wa shule wakatii. Nahodha Lee Jun-seok na wengi wa mabaharia wake walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuokolewa. Walikufa watu 304, na kati yao 250 walikuwa wanafunzi wa shule moja. Nahodha alihukumiwa kifungo cha maisha. Lakini ndani ya meli hiyohiyo, msichana mfanyakazi wa miaka 22 aligawa jile za kuelea kwa wanafunzi, akakataa kutoka kabla yao, naye akafa.

Angalieni jinsi watoto wale walivyokufa. Hawakufa kwa sababu ya ukaidi. Walikufa kwa sababu ya utii. Wanaotutii wametukabidhi uhai wao, na hilo ndilo linalofanya mzigo wa kiongozi kuwa mzito namna hii.

4. WAJIBU HUANZA UFUKONI

Wengi hufikiri kwamba ujasiri wa nahodha hupimwa wakati wa dhoruba tu. Sivyo. Hupimwa kwanza bandarini, wakati jua linawaka na watu wanacheka.

Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama katika ziwa Victoria ikiwa karibu kufika Mwanza. Ilitengenezwa kwa ajili ya abiria 430. Waliokufa walikuwa zaidi ya 800. Tarehe 20 Septemba 2018, katika ziwa hilohilo, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la kisiwa cha Ukara. Kilikuwa cha kubeba watu 101, na waliokufa walikuwa 228. Rais John Magufuli alisema kwamba nahodha hakuwamo, na usukani alikuwa amemwachia mtu asiyefundishwa kazi hiyo. Basi huyu aliikimbia kazi yake kabla maji hayajamtisha.

Na kwetu je? Aprili 2019 mashua ilizama katika ziwa Kivu, upande wa Kalehe, na watu wengi wakapotea. Rais Félix Tshisekedi alifika huko, na ikaamriwa kwamba kila abiria lazima avae jile. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua MV Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi, ilipinduka karibu na Kituku, Goma, na watu waliokuwa ufukoni wakiwangojea ndugu zao wakaona kwa macho. Makumi ya watu walikufa. Vita vilikuwa vimefunga barabara, na wachuuzi hawakuwa na njia nyingine ila ya maji.

Hapa ndipo uoga wa aina ya pili unapojificha. Kapiteni anaona chombo kimeshuka mpaka maji yanakaribia ukingo. Moyo wake unamwambia: inatosha. Lakini anamwogopa mwenye mashua, anawaogopa abiria watakaomtukana, anaogopa kupoteza mafranga ya siku ile. Basi ananyamaza, anawasha mota. Huo nao ni uoga, ingawa hakuna aliyemwona akikimbia. Kusema "mimi siondoki hivi" mbele ya watu hamsini wenye hasira kunahitaji moyo mkubwa kama ule wa kubaki katika dhoruba. Na heri aliyekataa bandarini, kwa maana hatalazimika kuwa shujaa katikati ya ziwa.

Mabaharia wa Yona walitupa shehena ili kuokoa watu. Sisi mara nyingi tunajaza shehena na kuhatarisha watu. Tujiulize ni nani hapo anayemjua Mungu.

5. JE, KILA ANAYEKIMBIA NI MWOGA?

Swali hili ni la kwetu sana. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni na vijiji vyake wameona mauaji ambayo kinywa hakiwezi kuyasimulia. Jamaa nyingi zimekimbia mashamba yao, zikalala katika madarasa na katika nyumba za watu wasiowajua. Je, tutawaambia kwamba ni waoga?

Hapana. Wahenga walisema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Walijua kwamba kuna wakati ambapo kuondoka ni akili. Bwana Yesu mwenyewe aliwaruhusu wanafunzi wake wakimbilie mji mwingine wakifukuzwa. Yusufu alimchukua mtoto na mama yake usiku akaenda Misri. Paulo alishushwa ukutani katika kapu huko Dameski. Mama anayewafunga watoto mgongoni na kutoka usiku kwa sababu ya risasi hamwachi mtu. Anawabeba watu wake. Huyo ni nahodha mwema, mashua yake ni mgongo wake.

Tena hofu si dhambi. Mwili umeumbwa kuogopa, na mtu asiyeogopa moto huungua. Bwana wetu katika bustani ya Gethsemane alihuzunika mpaka jasho likamtoka, lakini hakuondoka. Uoga ni pale hofu inapokufanya uwaache wale waliokabidhiwa kwako.

Basi kipimo ni hiki. Usiulize tu: je, aliondoka? Uliza: alikuwa amekabidhiwa nani? Aliondoka wa ngapi? Aliwaambia wengine? Katika Yohana sura ya 10 mtu wa mshahara anawaona mbwa-mwitu, anawaacha kondoo na kukimbia. Kosa lake si kuwaona mbwa-mwitu. Kosa lake ni kwamba kondoo si kitu kwake.

Wala wajibu wa nahodha si kufa. Wengine hufikiri kwamba nahodha mwema ni lazima azame na meli yake. Kuzama kwake kunamfaa nani? Wajibu wake ni kutoka wa mwisho. Tarehe 15 Januari 2009 rubani Chesley Sullenberger alitua na ndege yake juu ya mto huko New York. Maji yakiingia, alitembea ndani mara mbili kuhakikisha hakuna aliyebaki, kisha akatoka. Wote 155 waliishi, naye pia.

6. WALIOBAKI KATIKA DHORUBA YETU

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mifano. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia Mangina. Ikafika Beni, ikafika Butembo na Katwa. Mpaka ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua, na 2,287 wamekufa. Katika siku hizo kulikuwa na dhoruba mbili: ugonjwa, na hasira ya watu. Mnamo Februari 2019 vituo vya kutunza wagonjwa vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Tarehe 19 Aprili 2019, daktari Richard Mouzoko kutoka Kameruni aliuawa kwa risasi katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben, hapa Butembo. Alikuwa amekuja kwetu kwa ajili ya uhai wetu.

Hata hivyo waganga na wauguzi, wengi wao wana wa nchi hii, waliendelea na kazi. Na wale walioponyoka ugonjwa walifanya jambo la ajabu. Kwa kuwa miili yao ilikuwa na kinga, walirudi katika vituo kuwabeba na kuwalisha watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wagonjwa. Mtu aliyefika pwani akarudi majini kwa ajili ya mtoto asiye wake!

Miaka ya nyuma, huko Gulu, Uganda, Ebola ilipoingia mwaka 2000, wauguzi wa hospitali ya Lacor waliona wenzao wakifa, nao wakataka kuondoka. Daktari Matthew Lukwiya aliwakusanya. Hakuwatukana. Aliwaambia kwamba anayetaka kwenda aende, lakini yeye atabaki. Wakabaki naye. Alikufa kwa ugonjwa huo tarehe 5 Desemba 2000. Hapo tunaona kwamba ujasiri huambukiza kama uoga unavyoambukiza. Kiongozi akikimbia, kumi humfuata. Akisimama, kumi husimama.

7. WEWE NI NAHODHA WA CHOMBO GANI?

Shofere wa barabara ya Beni na Kasindi, na wewe motari: ukiona gari au pikipiki imezidiwa, sema hapana kabla ya kuwasha. Breki mbovu si jambo la kuombea tu. Ni jambo la kutengeneza. Ajali ikitokea, usikimbilie porini ukiwaacha wanaolia.

Mchungaji na mzee wa kanisa: kijiji kikilazimika kuhama, uhame pamoja nao. Jua majina ya wajane, vipofu na wazee wasio na mtu wa kuwabeba. Sanduku la sadaka lisitangulie kufika Butembo huku kondoo wakiwa bado njiani.

Nyumbakumi na wakubwa wa mtaa: mkisikia habari ya hatari, wajulisheni watu kabla ya kuwajulisha jamaa zenu peke yao. Habari iliyofichwa ni mashua iliyoshushwa usiku.

Mwalimu: hesabu watoto mara mbili, kisha ufunge mlango.

Baba wa nyumba: kuna dhoruba isiyo na risasi. Biashara ikianguka, mtoto akiugua, deni likikaza shingo, baba wengi husema wanakwenda kutafuta kazi Bunia au Kampala, na hawaonekani tena. Mama anabaki na watoto sita na usukani asiofundishwa. Ndugu, ukienda, tuma neno, tuma msaada, rudi. Ukinyamaza, umeshusha ile mashua ndogo ya Matendo 27.

Na aliyekwisha kukimbia? Yona alikimbia, lakini Mungu alimtuma tena mara ya pili. Petro alikana, naye akakabidhiwa kondoo. Arudi, aombe msamaha kwa wale aliowaacha, akubali kuanza chini.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini Paulo aliona kwamba kukimbia kwa mabaharia kungewaua wengine wote?
2. Toeni mfano wa uoga unaofanyika "bandarini", kabla ya hatari kuonekana.
3. Kuna tofauti gani kati ya jamaa inayokimbia vita na nahodha anayekimbia meli?
4. Katika kikundi chenu, ikiwa lazima kuhama usiku wa leo, nani anajua majina ya wasioweza kutembea? Kama hakuna, andikeni orodha hiyo kabla ya kuachana.

KWA KUMALIZIA

Swali la nne lisiachwe kwa juma lijalo. Wazee watasoma orodha hizo katika mkutano wao, na kila jina lipewe mtu wa kulibeba. Tuwaombee makapiteni wa maziwa yetu, mashofere, waganga na wachungaji, ili saa ya dhoruba wakumbuke kuhesabu watu. Na kila mmoja aombe kwa ajili ya chombo chake mwenyewe, kwa kuwa anajua ni akina nani waliomo ndani.

Mungu awabariki.